Mkulima wa mjini anataka taima, si shamba la taa

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, habari za mboga zinazokuzwa ndani ya majengo zimekuwa kama matangazo ya vifo. Kampuni ya Infarm ya Berlin ilitangaza Novemba mwaka huo kupunguza wafanyakazi wapatao 500, zaidi ya nusu ya wote iliokuwa nao. Nchini Marekani, Juni 2023 kampuni ya AeroFarms iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na AppHarvest ikafuata Julai. Bowery, iliyothaminiwa kwa dola bilioni 2.3 mwaka 2021, ilifunga milango Novemba 2024. Machi 2025 ikawa zamu ya Plenty kuomba ulinzi huohuo. Wachambuzi wengi wametoa hukumu moja kutokana na mlolongo huo: mitambo ya kukuza mboga imeshindwa, na mkulima mdogo wa mjini anayeendelea kuiulizia ana tamaa tu ya vitu vipya.

Hukumu hiyo imechanganya mambo mawili yasiyohusiana sana. Kilichoanguka ni biashara ya kutengeneza mwanga wa jua kwa umeme na kuuuza ukiwa umegeuka majani ya saladi. Anachoulizia mkulima mwenye matuta nyuma ya nyumba au juu ya paa ni kitu kidogo zaidi: nani atafungua maji saa kumi na mbili asubuhi wakati yeye yuko njiani kwenda kibaruani? Hamu hiyo ni ya busara, ilimradi ianzie kwenye maji, ipite kwenye kinga dhidi ya hitilafu, na isifike kwenye taa. Anayemuuzia kwa mpangilio wa kinyume, taa na programu ya simu kwanza na maji baadaye, anamtia hasara hata kama kila kifaa kwenye boksi ni kizima.

Tuanze na taa, kwa sababu hesabu yake ni fupi. Saladi inayokua vizuri huhitaji mwanga wa moli 14 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku (moli ni kipimo cha kiasi cha mwanga, na maikromoli ni sehemu yake moja ya milioni). Taa nzuri za LED za kilimo hutoa takriban maikromoli 3 kwa kila jouli ya umeme. Gawanya, na utapata uniti 1.3 za umeme kwa mita ya mraba kila siku, yaani uniti 39 kwa siku 30 za kukua. Mita hiyo ikibeba miche 25 na kila mmoja ukavunwa ukiwa na gramu 150, umepata kilo 3.75. Kwa hiyo kila kilo imekula zaidi ya uniti 10 za umeme kwa mwanga peke yake, kabla hujahesabu feni, kiyoyozi cha kuondoa joto la taa hizohizo, mashine ya kupunguza unyevu, na pampu. Siku ya jua kali, nje pale pale, hushusha moli 30 hadi 40 bila bili. Mtu mwenye paa au kiwanja kinachopata jua anaponunua taa, ananunua alichonacho tayari, tena kwa kipimo pungufu.

Hoja inayostahili kujibiwa kwa makini zaidi ni ya AppHarvest. Kampuni hiyo ilitumia nyumba za vioo zenye jua, nyanya zake zilikua kwa mwanga wa mbinguni ukisaidiwa na taa, na bado ilianguka. Kwa hiyo taa haziwezi kubeba lawama yote. Ni kweli. Lakini ukitazama kinachoziunganisha kampuni hizi utaona mtaji mkubwa uliozikwa kwenye majengo kabla mavuno hayajatulia, madeni yaliyopangwa kulipwa kwa mavuno ya kwenye makaratasi, na wafanyakazi ambao hawakuweza kupunguzwa kama ilivyoahidiwa, kwa kuwa kuvuna, kusafisha na kufungasha mboga bado ni kazi ya mikono. Mkulima mwenye mita 100 za mraba hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachoweza kujifunza kutoka kwao ni kimoja tu: kazi ya mavuno usitarajie mashine ikupunguzie. Kazi nyingine inapungua, na ndiyo anayoiulizia.

Mboga za majani na nyanya zikiwa katika ukuaji hutumia lita 4 hadi 6 za maji kwa mita ya mraba kwa siku, kutegemea jua na upepo. Eneo la mita 100 za mraba ni lita 400 hadi 600. Kwa kopo la lita 10 hiyo ni safari 40 hadi 60, kila siku. Watu hutazama hesabu hiyo wakaona uchovu, ambao upo, lakini gharama kubwa zaidi ni ratiba. Maji yanadai uwepo wa mtu asubuhi na jioni, siku za wiki na sikukuu, na wakulima wengi wa mjini wana kazi nyingine. Siku mbili zikipotea, majani hukakamaa na kuwa machungu, na saladi hukimbilia kutoa maua. Nyanya ni mbaya zaidi: zikikauka kisha zikafurikwa, kalsiamu haifiki sawasawa kwenye tunda, kitako kinaoza, na ngozi inapasuka. Mkulima anayemwagilia kwa wakati anaofika nyumbani anapata mavuno ya wakati anaofika nyumbani. Hapo taima yenye betri inaleta faida kubwa kuliko kifaa kingine chochote cha otomatiki.

Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, likilazwa mipira 3 ya matone yenye matundu kila sentimeta 30, lina matundu kama 100. Kila tundu likitoa lita 1 kwa saa, tuta linapata lita 100 kwa saa, sawa na milimita 10 (milimita 1 ni lita 1 kwa mita ya mraba). Mahitaji ya siku ya milimita 5 yanatimia kwa dakika 30, na ni vizuri kuzigawa mara mbili, robo saa alfajiri na robo saa alasiri, hasa kwenye udongo wa kichanga ambao hauhifadhi maji. Hesabu hii ipo kwenye kila kijitabu cha muuzaji. Kisichoandikwa ni kwamba lita 1 kwa saa imepimwa kwenye shinikizo la bari 1, sawa na tangi lililoinuliwa mita 10. Tangi la mjini huwa juu ya matofali au kichanja cha mita 1.5. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo, kwa hiyo kwenye bari 0.15 tundu lile hutoa kama lita 0.4, na dakika 30 zimekuwa saa moja na robo. Anayeweka taima kwa hesabu ya kijitabu anamwagilia chini ya nusu, halafu analaumu mfumo. Matundu ya kisasa yanayojirekebisha shinikizo hayamsaidii pia, maana mengi hayafanyi kazi vizuri chini ya nusu bari. Kwa tangi la chini, nunua mpira wa kawaida, usizidishe urefu wa mstari mita 15, na pima mwenyewe: tega vikopo chini ya matundu 12, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mistari, kwa robo saa. Chukua wastani wa vikopo 3 vyenye maji kidogo, ugawe kwa wastani wa vyote. Ikishuka chini ya asilimia 80, mistari imeziba au ni mirefu kupita kiasi.

Vali nayo ina mtego uleule. Vali nyingi za umeme zinazouzwa kwa bustani zina kiwambo kinachofunguliwa na shinikizo la maji yenyewe. Koili ya umeme hufungua kitundu kidogo tu, kazi iliyobaki inafanywa na maji. Bila bari 0.2 hadi 0.5, kiwambo hakifunguki, au kinafunguka kisha hakijifungi. Kwa tangi la kichanja inatakiwa vali ya tufe, yaani yenye gololi iliyotobolewa ndani, inayozungushwa na mota ndogo. Hiyo haijali shinikizo, lakini ina tabia yake: umeme ukikatika ikiwa wazi, inabaki wazi. Zipo zenye kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kidogo, inayoifunga umeme ukipotea, na tofauti ya bei ni halali kabisa. Kinga bora zaidi, hata hivyo, haina umeme ndani yake. Ni tangi la siku: chombo kinachobeba maji ya siku moja tu, lita 500 kwa mita zile 100, kinachojazwa usiku kutoka tangi kubwa. Vali ikigoma wazi, betri ikifa, panya akitafuna mpira, hasara haizidi maji ya siku moja. Ukiunganisha vali moja kwa moja na tangi la lita 5,000, unaweza kurudi jioni ukalikuta tupu.

Halafu chujio. Linalofaa ni la tundu za maikroni 100 hadi 130, likiwekwa kabla ya vali ili mchanga usikwamishe vali pia, na lioshwe kila wiki. Ncha za mistari zifunguliwe mara moja kwa mwezi maji yakimbie hadi yawe safi. Tangi liwe jeusi au lifunikwe, kwa sababu mwani huota kwenye mwanga na matundu ya matone ndiyo kaburi lake. Mifumo mingi inayotupwa baada ya msimu mmoja haikuharibika, iliziba.

Vihisi vya unyevu wa udongo ndivyo vinavyotangazwa zaidi na, kwa maoni yangu, ndivyo vya kununuliwa mwisho. Vya bei rahisi vyenye vijiti viwili vya chuma hupitisha umeme kwenye udongo wenyewe, na vijiti vinaliwa na kutu baada ya wiki au miezi michache. Vya aina ya kapasita hudumu, lakini kingo za ubao wake lazima zipakwe rangi isiyopitisha maji, na namba zake hazina maana mpaka uzilinganishe na udongo wako: soma mara moja ukiwa mkavu, mara moja ukiwa umelowa na kuchuja maji kwa siku nzima. Kichomekwe kina cha sentimeta 10 hadi 15, karibu na tundu la tone lakini kisiwe chini yake. Hatari ya kweli ni kwamba kihisi kimoja kinasemea shamba zima. Mtoto au kuku akiking'oa, kinasoma hewa, mfumo unaamini ni kiangazi, na maji yanatiririka mpaka tangi liishe. Kwa hiyo kihisi kipewe mamlaka ya kuzuia tu. Taima ifungue kwa ratiba. Kihisi kiruhusiwe kusema "leo pamelowa, ruka zamu hii", kisiruhusiwe kuongeza hata dakika moja. Kihisi kinachostahili kununuliwa mapema ni kipima mtiririko kwenye bomba kuu. Kinagundua mambo mawili ambayo jicho halioni kwa wakati: maji yakizidi kawaida, bomba limepasuka, yakipungua, chujio limeziba.

Upo pia ufundi usio na elektroniki kabisa, na inashangaza jinsi unavyosahaulika pale neno otomatiki linapotajwa. Tuta lenye hodhi la maji chini yake, likijazwa na vali ya boya ileile ya kwenye tangi la choo, hupandisha maji yenyewe kupitia udongo hadi kimo cha sentimeta 30 hivi. Halihitaji taima wala betri. Kasoro yake ni chumvi: maji yanapanda siku zote, hayashuki, kwa hiyo chumvi ya mbolea hujikusanya juu na inabidi ioshwe kwa maji mengi kutoka juu kila baada ya mavuno. Kwa paa la nyumba ya kupanga, huo ndio mfumo ambao ningeuweka mbele ya yote.

Haidroponiki, yaani kukuza mimea kwenye maji yenye mbolea bila udongo, ni kesi tofauti, kwa sababu huko otomatiki haiongezi raha pekee. Inaongeza pia njia za mmea kufa. Kwenye mifereji ya maji membamba, ambapo lita 1 hadi 2 kwa dakika hupita chini ya mizizi, umeme ukikatika mchana wa joto mizizi huanza kukauka ndani ya saa chache au hata pungufu. Kwenye maboya yanayoelea juu ya beseni la maji, mimea huvumilia muda mrefu zaidi, na kinachoisha polepole ni oksijeni. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5, na kwenye joto hilo ugonjwa wa kuoza mizizi hupata nafasi. Anayeishi mahali umeme hukatika achague beseni, aliwekee kivuli, na anunue betri kabla ya kununua kidhibiti. Pampu ya wati 20 kwenye betri ya volti 12 na saa-ampea 50, ikitumika nusu tu ili betri ya risasi isife mapema, huenda saa 15.

Pampu za dozi zinazorekebisha tindikali na mbolea zenyewe ndizo zinazovutia zaidi kwenye maonyesho. Saladi hutaka pH, yaani kipimo cha tindikali, ya 5.5 hadi 6.5 na mkusanyiko wa chumvi wa milisimensi 1.2 hadi 1.8 kwa sentimeta, na mashine inaweza kushika hapo bila mkono wa mtu. Lakini mashine inaamini kipimo, na kipimo cha pH ni kioo kinachozeeka. Kinatakiwa kusawazishwa kwa vimiminika vya pH 4 na 7 kila baada ya wiki chache, kisiachwe kikauke, na kibadilishwe baada ya mwaka mmoja au miwili. Kikianza kusoma juu kuliko ukweli, pampu humimina asidi, inasoma, humimina tena, na asubuhi mizizi imeungua. Kinga ni kuweka kikomo: dozi ndogo, nusu saa ya kuchanganyika, na idadi ya dozi isiyovukwa kwa siku, ikivukwa pampu ijifunge na kupiga king'ora. Mbolea nazo zitoke kwenye madumu mawili, moja la kalsiamu naitreti na jingine la salfeti na fosfeti, kwani zikikutana zikiwa nzito huganda kuwa jasi na kuziba mirija. Anayepima kwa mkono mara moja kwa siku, kwa dakika tano, hapotezi muda mwingi kiasi cha kuhitaji haya yote. Chini ya mabeseni kumi sioni sababu ya pampu ya dozi.

Kwa upande wa wapinzani, hoja nzito ni kwamba pale kibarua kinapopatikana kwa urahisi mashine haina kazi, na kumpa mtu ajira ni bora kuliko kununua koki. Ina nguvu kwa shamba kubwa. Kwa mita 100, hata hivyo, hakuna ajira ya kutoa. Kuna saa mbili za kubeba maji zinazogawanywa kwenye familia, mara nyingi kwa watoto na wanawake, na hakuna anayelipwa. Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa kwenye warsha: wakulima hawa hawajasoma, teknolojia itawashinda. Mtu anayetengeneza simu yake mwenyewe, anayefunga pampu ya kisima na kubadili kapasita yake, hashindwi na taima. Kinachomshinda ni vali iliyoharibika ambayo kipuri chake hakiuzwi popote karibu, fundi asiyepatikana baada ya dhamana kuisha, na kidhibiti ambacho kikikosa seva ya muuzaji hakifungui hata koki moja. Kampuni ikifilisika, na tumeona zinavyofilisika, programu yake huzimwa nayo. Kifaa cha kununua ni kile chenye kitufe cha kufungua kwa mkono na ratiba iliyohifadhiwa ndani yake, kisichohitaji intaneti kufanya kazi ya jana.

Watetezi nao wana hoja mbovu yao, kwamba otomatiki huongeza mavuno. Yenyewe haiongezi. Inazuia hasara ya siku zilizokosa maji, na anayemwagilia vizuri kwa mkono tayari hataona tofauti kwenye mizani. Ataiona kwenye saa zake. Anayemwahidi mkulima huyo mavuno maradufu anamwandaa kukata tamaa msimu wa pili.

Lipo jambo la ardhi, ambalo tafiti za kuuliza "je, ungependa kutumia mfumo wa kisasa?" huwa haziligusi. Wengi hulima kwenye kiwanja cha kuazima au paa la kupanga. Mkulima wa namna hiyo akisema anapenda lakini hanunui, anajua kwamba anaweza kuambiwa ahame kabla mfumo haujalipa gharama yake. Mabomba yaliyofukiwa na saruji iliyomwagwa ni zawadi kwa mwenye kiwanja. Mfumo wake unatakiwa ufunguke kwa viungo vya kuzungusha, ubebwe kwa mkokoteni, ufungwe upya kwingine kwa siku moja. Tangi la siku, taima ya betri na mistari ya matone vinakidhi hilo. Chumba chenye taa hakikidhi.

Ndiyo maana miradi ya serikali na wafadhili inayogawa vifaa vyenye vihisi na skrini ingebadilisha ilichopanga kulipia. Fedha za kidhibiti kimoja cha kisasa zinatosha matangi ya siku na taima kwa wakulima kadhaa, zikabaki za fundi wa mwaka wa pili na sanduku la vipuri: viwambo vya vali, vichujio, viungo vya mpira, betri. Mamlaka za maji zina sehemu yao pia. Kadiri watu wanavyounganisha mbolea na mabomba, ndivyo hatari ya mbolea kunyonywa kurudi kwenye bomba la mtaa inavyokua shinikizo linaposhuka. Kuzuia ni rahisi: mdomo wa bomba linalojaza tangi ubaki juu ya usawa wa kufurika kwa angalau mara mbili ya kipenyo chake, wala usizamishwe kwenye maji. Kanuni hiyo inaweza kuwekwa kama sharti la kuunganishiwa maji ya bustani, na ukaguzi wake ni wa kutazama kwa macho.

Kwa muuzaji wa mfumo wowote, mkulima adai jaribio moja kabla ya kulipa salio: mfumo ufungwe, upandwe miche michache, kisha umeme na intaneti vizimwe kwa saa 24, katikati ya zamu ya kumwagilia vali ikiwa wazi. Baada ya hapo wapime pamoja maji yaliyopotea na waitazame miche. Muuzaji akikataa jaribio hilo, asilipwe.